Kwanini LUKU ilidai namba 60: kisa cha tarehe 24 Novemba 2024

Watu wengi wanalikumbuka lile zoezi la 2024 la kuboresha mita za LUKU kama usumbufu tu. Umenunua umeme wa elfu tano kama siku zote, badala ya namba 20 zinakuja namba 60 kwenye makundi matatu, unaambiwa ingiza la kwanza, alafu la pili, alafu la tatu ndo umeme wenyewe. Ukimuuliza jirani anakwambia ni sistimu mpya, ukimuuliza wakala anakwambia TANESCO wamebadilisha mambo, basi unaingiza namba zako taa zinawaka maisha yanaendelea. Hakuna aliyekudanganya hapo lakini pia hakuna aliyekueleza, na mimi naona hili jambo linastahili kuelezwa lote kuanzia chini, kwasababu saivi tunaambiwa mita janja ndo zinakuja kuchukua nafasi ya hizi za zamani na bado watu wengi hawajui hizi za zamani zilikuwa zinafanyaje kazi na zilikwama wapi.

Tuanze na mita yenyewe. Mita ya LUKU tuliyoizoea haina mtandao wowote ndani yake. Haijui umenunua lini, haijui umelipa kwa M-Pesa au umeenda kwa wakala, haijui kama bei imepanda. Kitu pekee kinachoifikia kutoka nje ni vidole vyako kwenye vile vitufe, kwahiyo chochote ambacho shirika linataka kuiambia mita lazima kipite kwenye zile namba 20, hamna njia nyingine. Ukilishika hilo mengine yote yanaeleweka.

Utaratibu huu wa kuuza umeme kwa namba unaitwa STS, kifupi cha Standard Transfer Specification, na ulizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 90, kipindi ambacho Eskom, shirika la umeme la huko, walikuwa wanapeleka umeme kwenye nyumba nyingi mno ambazo hazijawahi kuwa nao, na kumtuma mtu apite kila nyumba kila mwezi kusoma mita alafu aje na bili ilikuwa kazi isiyobebeka. Wakatafuta namna ya kuuza umeme kabla haujatumika, kwa namba tu, bila waya wa mawasiliano. Ikafanya kazi vizuri sana mpaka mwaka 2007 ikawa kiwango cha kimataifa, IEC 62055-41, na leo ndo inayotumika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine kibao za Afrika na Asia. Kwahiyo kilichotokea 2024 hakikuwa cha TANESCO peke yao, makumi ya milioni ya mita duniani zilikuwa na tarehe hiyohiyo.

Sasa ndani ya zile namba 20 kuna nini. Ukizigeuza kwenda lugha ya kompyuta unapata biti 66, yaani sifuri na moja 66 zilizopangwa mstari, nafasi ndogo sana hiyo. Humo wamebana biti 16 za kiasi cha umeme ulionunua, biti 16 za kuhakiki kwamba hujakosea kuingiza, vipande vidogo vya kueleza hii tokeni, yaani hizo namba 20, ni ya aina gani pamoja na kinamba cha kubahatisha, alafu biti 24 za muda. Karibu mzigo wote huo unafichwa kwa ufunguo wa siri ambao ni wa mita yako peke yake, ndo maana tokeni ya jirani ukiipeleka kwako inakataliwa hata kama mmenunua dakika moja kwa bei moja.

Kisa kizima kimekaa kwenye hizo biti 24 za muda. Zenyewe zinahesabu dakika, ni dakika ngapi zimepita toka tarehe 1 Januari 1993 mpaka ile dakika uliyonunua umeme. Kazi yake ni kuzuia tokeni moja isitumike mara mbili. Mita inakumbuka tokeni za mwisho ilizopokea, ukirudia moja kati ya hizo inakataa, na ukiiletea yenye muda wa nyuma kuliko zote inazozikumbuka nayo inakataa. Akili nzuri kabisa kwa kifaa kisicho na mtandao.

Shida ni kwamba biti 24 mwisho wake ni 16,777,216. Gawa hizo dakika kwa 1,440 za siku moja unapata siku 11,650 na ushee, yaani karibu miaka 32, na ukihesabu kuanzia Januari 1993 unatua tarehe 24 Novemba 2024. Kaunta inajaa na kurudi sifuri, kama zile kilometa za gari la zamani zikifika mwisho wa tarakimu. Hiyo tarehe hakuipanga waziri wala mkurugenzi yeyote, ilikuwa imeandikwa ndani ya hesabu toka siku utaratibu unabuniwa na wahandisi waliubuni wakijua.

Kaunta ikirudi sifuri, tokeni utakayonunua tarehe 25 itaonekana kwa mita kama ya mwaka 1993. Mita itaona ni ya zamani, itaikataa, na itakuwa iko sahihi kwa jinsi ilivyofundishwa. Umeme uliobaki kwenye mita hauzimiki siku hiyo, unaendelea kutumia mpaka yuniti ziishe, ila zikiisha huwezi kuongeza. Hapa ndo palipowachanganya wengi, walisikia "mita zitazimika tarehe 24" wakaamka tarehe 25 taa zinawaka wakasema ilikuwa ni vitisho.

Mtu anaweza kuuliza, kwanini wasiifute tu kumbukumbu ya mita ianze upya? Kwasababu ukifuta kumbukumbu na ufunguo ukabaki uleule, tokeni zote za miaka ya nyuma zinafufuka. Mtu mwenye boksi la risiti za zamani angekaa anaingiza umeme wa bure mpaka achoke. Kwahiyo ilibidi vitu viwili viende pamoja, kumbukumbu ya tokeni ifutwe na ufunguo wa siri ubadilishwe, ili tokeni zote za zamani ziwe namba zisizo na maana kwa mita. Na ufunguo mpya peke yake una biti 64, hauingii kwenye tokeni moja ambayo imeshabeba mambo mengine, kwahiyo unakatwa nusu kwa nusu. Kundi la kwanza la namba 20 ni nusu ya ufunguo, kundi la pili ni nusu nyingine, kundi la tatu ndo umeme wako, nao umeshafungwa kwa ufunguo mpya. Ndo maana mpangilio ulikuwa unasisitizwa vile, ukiwahi kuingiza la tatu kabla ya yale mawili mita haiwezi kulifungua hata kidogo.

Natamani maelezo haya mafupi yangesomwa redioni kila asubuhi mwezi mzima, maana Mtanzania anayejua kutunza kikoba na kupiga hesabu za riba hashindwi kuelewa kaunta iliyojaa.

KAZI ILIYOPITISHWA KWENYE VIDOLE VYA MTEJA

Mita hazina mtandao, kwahiyo hapakuwa na kitufe makao makuu cha kubonyeza zote zikabadilika usiku mmoja. Shirika lolote lilikuwa na njia mbili, kutuma mafundi nyumba kwa nyumba au kumpa mteja zile namba aingize mwenyewe. TANESCO walichukua ya pili, miezi ya katikati na ya mwisho ya 2024, ukinunua umeme unaletewa makundi matatu, unaingiza kundi unabonyeza ile alama ya reli au ule mshale, unaenda linalofuata. Ilikuwa bure na inafanyika mara moja tu. Kenya nao Kenya Power walifanya hivyohivyo kwenye kampeni yao ya Update Token Meter Yako, na ukipiga *977# ulikuwa unapata namba zako.

Kwa upande wangu uamuzi wa kulibandika zoezi kwenye manunuzi ya kawaida ndo ulioliokoa. Angalia mantiki yake, mtu ameishiwa umeme, anataka taa, anashika simu ananunua, na namba za ufunguo zinamfikia palepale ana sababu kubwa ya kuziingiza bila kuchelewa. Hakuna semina wala barua inayoweza kushindana na giza la saa moja usiku ukiwa na watoto wana homuwek. Nyumba inayonunua umeme kila wiki ilijiboresha yenyewe bila fundi kufika getini, na kwenye nchi kubwa kama hii yenye wateja mpaka vijiji vya ndani kabisa kutuma fundi kila mlango kungekula miaka na hela ambayo mwishowe ingelipwa na sisi kwenye bei ya yuniti.

Lakini njia hiyohiyo ina watu inaowaacha, na hapa ndo napotaka tukae kidogo.

Wa kwanza ni yule asiyenunua mara kwa mara. Nyumba ya kijijini aliyojenga mtu anayeishi mjini, anaenda Desemba na kurudi Januari, mita ina yuniti 40 za toka mwaka juzi. Huyu hakuletewa namba yoyote kwasababu hakununua chochote. Frem ya duka iliyofungwa, kanisa dogo linalotumia taa Jumapili tu, bibi mwenye taa mbili na redio ambaye yuniti za elfu mbili zinamkalia muda mrefu, wote hawa wako kundi moja, zoezi lilipita pembeni yao.

Wa pili ni wapangaji. Chukua nyumba ya vyumba sita mita moja, kila mtu anachanga, mmoja ndo ananunua na meseji inaingia kwenye simu yake. Akiwa safarini Morogoro akanunua kwa ajili ya wenzake, anawatumia namba kwenye WhatsApp, anakopi lile kundi la mwisho kwasababu limezoeleka kuwa la mwisho ndo lenye umeme, yale mawili ya juu anayaacha. Wenzake wanaingiza linakataa, wanaingiza tena linakataa, wanaanza kulaumiana kwamba fulani kakosea namba. Ni kosa rahisi kabisa kufanya na halihitaji mtu awe mzembe, mazoea ya miaka yote yalikuwa namba 20 basi.

Wa tatu ni wale ambao mita iko juu ya nguzo na ndani wana ile rimoti ya kuingizia namba. Betri zimekufa siku nyingi, vitufe vingine vimekufa, namba 7 mpaka uibonyeze kwa kifuniko cha kalamu. Namba 20 unaweza kuvumilia, sasa namba 60 kwenye kidude ambacho kinazima katikati ni mateso, na mzee ambaye macho yameshachoka hawezi, anabaki kumsubiri mtoto wa jirani atoke shule.

Alafu kuna waliokuwa na tokeni waliyonunua wakaiweka akiba kwenye karatasi. Ukiingiza ufunguo mpya kabla hujaitumia ile ya akiba imekufa, mita haiwezi tena kuisoma. Hili lilitakiwa kuwa kwenye sentensi ya kwanza ya kila tangazo, ingiza tokeni zako zote za zamani kwanza, kwasababu ni hela ya mtu hiyo, na wanaonunua akiba kidogo kidogo ni haohao wenye kipato cha kuokoteza.

Mpaka hapo Afrika Kusini wanatufundisha kitu. Wao ndo wenye utaratibu, walianza mapema kuliko wengi, walituma mafundi mitaani, na bado wiki za mwisho kabla ya tarehe 24 Novemba Eskom walikuwa na mita zaidi ya milioni moja hazijaguswa. Sababu kubwa ilijulikana, ni mita ambazo hazinunuliwi umeme kabisa, wenyewe wameruka mita wanachukua umeme moja kwa moja au wananunua tokeni za magendo. Mtu wa namna hiyo hawezi kufikiwa na zoezi lililobandikwa kwenye manunuzi, na hawezi kufungua mlango kwa fundi pia. Kwahiyo zoezi la hesabu za dakika likageuka kuwa sensa ya wizi wa umeme bila mtu kupanga. Ukinunua unaonekana, usiponunua miezi mingi na nyumba inakaliwa kuna swali la kujibu.

IMANI YA MTEJA ILISHAPATA NYUFA KABLA

Huwezi kuelewa kwanini watu waliingiwa na wasiwasi na zile namba 60 bila kukumbuka mita ya LUKU imeshabebeshwa mambo gani mengine. Toka Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humohumo, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Mpangaji anayenunua umeme ndo anakatwa kodi ya jengo ambalo sio lake, alafu aanze kumdai mwenye nyumba, na wengi hawadai kwasababu wanaogopa kuhamishwa. Kwahiyo mtu akiona meseji ya LUKU imebadilika sura, wazo la kwanza kichwani ni wamekata nini tena. Hiyo ni kumbukumbu ya mfukoni, haifutwi na tangazo la sekunde 30.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Mei 2021. Sistimu ya kuuzia LUKU ilipata hitilafu, siku kadhaa watu hawawezi kununua kwa simu, foleni zikajaa kwenye ofisi za TANESCO, vyakula vikaharibika kwenye mafriji, saluni na mashine za kusaga zikasimama. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, akaagiza wakuu wa TEHAMA wa shirika wasimamishwe kazi. Kiufundi lile halikuhusiana na kaunta ya 1993, ila liliwafundisha wateja kwamba upande wa pili wa zile namba kuna kompyuta inayoweza kuanguka, na ikianguka hela unayo mfukoni na bado unalala giza. Ndo maana 2024 kuna watu walijaza umeme mwingi kabla ya Novemba kwa hofu tu, na sioni sababu ya kuwashangaa.

Kwahiyo ukiniuliza TANESCO walifeli au walifaulu, nasema njia walichagua iliyo sahihi, na maelezo yalikuwa membamba kuliko uzito wa jambo. Mteja aliambiwa bonyeza nini, hakuambiwa kwanini. Mtu akijua kwanini anaweza kujitatulia mwenyewe, yule mpangaji wa Morogoro angejua kwamba makundi mawili ya juu ni ufunguo na bila ufunguo kundi la tatu ni makaratasi tu, asingeyaacha.

MITA JANJA SASA

Zile mita za zamani sana ambazo haziwezi kabisa kupokea ufunguo mpya dawa yake ni moja, kung'olewa na kufungwa nyingine, na hapo ndo mita janja zinaingia. TANESCO wameshaanza kuzifunga. Tofauti kubwa ni kwamba hii inaongea pande zote mbili, ukinunua umeme unaingia wenyewe kwenye mita bila kubonyeza kitu, shirika linaona mita gani imezima, laini gani imezidiwa, na mita ikifunguliwa kifuniko taarifa inakwenda. Kazi kama ile ya 2024 ya kubadilisha ufunguo ingefanyika usiku watu wamelala, na bibi wa taa mbili asingehitaji mtoto wa jirani.

Nazikubali hizi mita, nazisubiri kwa hamu. Ila nina mambo nayotaka yasemwe mapema. Moja, mita inayotegemea mtandao inakufa upande wa mawasiliano pale mtandao unapokufa, kwahiyo njia ya kuingiza namba kwa mkono isiondolewe, ibaki kama mlango wa nyuma, hasa vijijini ambako mnara wa simu nao unategemea umeme huohuo. Mbili, mita inayoweza kupokea umeme kwa mbali inaweza pia kukatwa kwa mbali, na mteja anatakiwa ajue kwa maandishi ni lini anaweza kukatwa na nani anaweza kuamuru hivyo, kwasababu leo akikatwa anamuona fundi na ngazi yake anaweza kumuuliza, kesho hatamuona mtu. Tatu, mita inayotuma matumizi yako mara kwa mara inajua saa mnayoamka, saa mnayopika na wiki ambayo hampo nyumbani, na hizo taarifa ni za kaya sio za kugawiwa ovyo.

Na la nne, ambalo sijalisikia likisemwa kwa sauti. Mita zilizoboreshwa 2024 hazikupewa uzima wa milele. Kaunta ilihamishiwa mwanzo mpya wa tarehe 1 Januari 2014, biti ni zilezile 24, kwahiyo ukipiga hesabu ileile inajaa tena tarehe 24 Novemba 2045. Nyumba zinazojengwa mwaka huu zitakuwa zimesimama bado, na mita iliyofungwa leo inaweza kuwa bado iko ukutani. Ingekuwa mimi ndo naandika mkataba wa manunuzi ya mita, ningetaka hiyo tarehe ichapwe kwenye kibandiko cha mbele chini ya namba ya mita, kwa Kiswahili, isomeke na kila mtu.

Kuhusu kung'oa na kufunga nako kuna mpangilio wa haki. Kishawishi cha shirika lolote ni kuanza na wateja wakubwa, viwanda na mahoteli, kwasababu hela inarudi haraka, na kibiashara sipingi. Lakini mita zinazomtesa mtu kila wiki ziko Mbagala, Tandale na vijijini, zile rimoti zenye vitufe vilivyokufa, na taarifa za nani yuko kwenye hali hiyo shirika tayari linazo au linaweza kuzipata. Kumbukumbu za 2024 zinaonyesha mita gani hazijawahi kuletewa ufunguo mpya kabisa, hiyo orodha peke yake ni ramani ya mahali pa kuanzia, mtaa kwa mtaa. Wapite hapo kwanza, watakuta mita mbovu, nyumba zilizofungwa, na wachache walioruka mita, wote kwa safari moja.

Kama una nyumba ambayo haijanunuliwa umeme toka kabla ya Novemba 2024, kijijini au frem uliyoifunga, usianze kwa kununua umeme wa elfu hamsini ukiwa mbali. Nenda ukiwa upo mbele ya mita, nunua kidogo, soma meseji yote mpaka mwisho uone umepewa makundi mangapi, ingiza kwa mpangilio uleule ulioandikwa kuanzia juu bila kuruka. Ikikataa usirudie rudie kwa hasira, piga picha kioo cha mita kinaonyesha nini, chukua namba ya mita na ile meseji ya manunuzi uende navyo ofisi ya TANESCO ya karibu, na kama watakwambia mita ni ya kubadilishwa omba waandike hivyo kwenye karatasi yenye tarehe.